Siku ya Mtakatifu Patrick: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Patrick alikuwa Mwairishi.” Mtakatifu huyu, msimamizi wa Ireland anayekumbukwa Machi 17, alizaliwa Britania, ng’ambo ya bahari, wakati wa Warumi. Baba yake, Calpornius, alikuwa shemasi. Babu yake, Potitus, padre. Ameyaandika mwenyewe katika Confessio, maungamo yake ya karne ya 5. Alipokaribia miaka 16 alitekwa na wavamizi, akachungishwa mifugo Ireland kwa miaka 6, akatoroka, na baadaye akarudi huko akiwa askofu. Wala si yeye aliyeanza: mwaka 431 Papa Celestine alimtuma Palladius kwa Waairishi waliokwisha kumwamini Kristo.

“Aliwafukuza nyoka.” Hawakuwepo. Zama za barafu zilipokwisha, bahari ilikata njia kabla hawajavuka. Solinus, mwandishi wa Kirumi, alishataja kisiwa hicho kuwa hakina nyoka karne mbili kabla ya Patrick.

“Shamroki ina majani manne.” Shamroki ni mmea mdogo ulio nembo ya Ireland. Hayo majani manne ni ya kutafutia bahati. Ya sikukuu ina vijani vitatu, kwa ajili ya Utatu Mtakatifu, ingawa hadithi ya Patrick kufundishia mmea huo haimo katika maandishi yake. Ilichapishwa na mtaalamu wa mimea Caleb Threlkeld mwaka 1726.

Na ni mmea gani hasa? Mtaalamu wa mimea Charles Nelson aliwauliza Waairishi swali hilo mwaka 1988: asilimia 46 ya mimea waliyomletea ilikuwa Trifolium dubium, yenye maua madogo ya njano, na asilimia 35 Trifolium repens, yenye maua meupe. Vyungu vinavyouzwa nchi nyingine kwa jina la shamroki mara nyingi huwa na Oxalis, mmea wa jamii nyingine. Utaitambua kwa vijani vyenye umbo la moyo vinavyojikunja usiku, na ukitafuna kimoja utasikia uchachu. Ni jamaa ya lile gugu linalowasumbua wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, kwa hiyo usilipe pesa.

Shamroki huvaliwa kifuani upande wa kushoto, kishada kidogo kwa pini. Ikikatwa hunyauka ndani ya saa chache. Funga ncha za mabua kwa pamba yenye maji, zungushia karatasi ya foili, na uibandike dakika za mwisho kabla ya kutoka.

“Kijani ndiyo rangi ya Patrick tangu zamani.” Nishani ya Mtakatifu Patrick, ya heshima kwa wakuu wa Ireland, iliyoanzishwa mwaka 1783, ilikuwa na utepe wa buluu.

“Ni sikukuu ya ulevi.” Machi 17 huangukia Kwaresima, na kwa Waairishi ilikuwa siku ya misa. Ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 1903. Sheria ya 1927 ikafunga baa siku hiyo, zikabaki zimefungwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shamrashamra za barabarani zilikolea ughaibuni: New York iliandamana mwaka 1762, Dublin ikapata gwaride la serikali mwaka 1931. Kanisa bado lina kalenda yake. Mwaka 2008 tarehe 17 ilikuwa Jumatatu ya Juma Takatifu, basi Ireland ikaadhimisha ibada tarehe 15.

“Chakula chake ni nyama ya ng’ombe ya chumvi na kabichi.” Hicho ni cha wahamiaji wa New York, walioipata kwa bei nafuu kwenye bucha za Wayahudi. Ireland kwenyewe hupikwa nguruwe wa chumvi, pande zima la bega au mgongo, si vile vipande vyembamba vya kukaanga asubuhi. Kwa kilo 1.5, weka nyama kwenye maji baridi, chemsha, na povu jeupe likipanda mwaga maji yote. Ukiruka hatua hii kabichi itakuwa chumvi tupu. Ongeza maji mapya, pika kwa moto mdogo kama dakika 90. Maji yakitokota kwa nguvu nyama hukakamaa. Kabichi iliyokatwa vipande vinne huingia kwenye supu hiyohiyo dakika 15 za mwisho, na viazi huchemshwa pembeni.