Mito ya kabla ya mimea ni nini?

Mito ya kabla ya mimea ni mito iliyotiririka wakati nchi kavu ilikuwa bado haijavikwa mimea, yaani katika sehemu kubwa kabisa ya historia ya dunia. Spora, yaani chembe za uzazi, za mimea ya kwanza ya nchi kavu zimepatikana katika miamba yenye umri wa miaka milioni 470 hivi, lakini mimea hiyo ilikuwa midogo mno na haikuwa na mizizi ya kushika ardhi. Miti ilitokea baadaye sana, katika kipindi cha Devoni, takriban miaka milioni 390 iliyopita.

Katika nchi iliyo uchi, mvua haikuwa na majani ya kuipunguza kishindo wala mboji ya kuyanyonya maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji iliteremka mara moja, na mito ikafurika ghafla na kupwa ghafla. Kingo za mchanga mtupu hazikuweza kuhimili nguvu hiyo. Zilibomoka, mto ukatanuka na kuwa na kina kifupi, kisha ukagawanyika katika mikondo mingi iliyoachana na kukutana tena kama chane za ukindu zinavyopishana ndani ya ukili. Ushahidi mzuri uko kaskazini-magharibi mwa Uskoti, katika miamba ya Torridon yenye umri wa takriban miaka bilioni 1, ambako mchanga mzito mwekundu na changarawe vimerundikana tabaka juu ya tabaka, na tope ni haba sana.

Uhaba huo wa tope, kwa maoni yangu, ndio jambo lenye uzito kuliko yote. Mwaka 2018 wanajiolojia William McMahon na Neil Davies walionyesha kwamba kiasi cha miamba ya tope iliyoachwa na mito kiliongezeka sana katika enzi ileile ambayo mimea ilikuwa ikienea. Kabla ya hapo, tope lilibebwa moja kwa moja hadi baharini. Mimea ililizuia kwenye nyanda za mafuriko, na pia ilisaidia kulizalisha, kwa kuwa mizizi na asidi zake huharakisha kuoza kwa miamba kuwa udongo wa mfinyanzi. Udongo huo hunata, na kingo zinazonata hudumu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba bila mimea mto hauwezi kupindapinda. Dhana hiyo inaelekea kuwa imevuka mpaka. Katika majangwa ya leo, kwa mfano bonde la Toiyabe huko Nevada, Marekani, ipo mito inayopinda bila mimea kwenye kingo zake, kwa sababu tope lenyewe linatosha kuzishikilia. Wanajiolojia Alessandro Ielpi na Mathieu Lapôtre, katika utafiti wa mwaka 2020, waliona kwamba mapindo ya mito isiyo na mimea husogea karibu mara 10 kwa kasi kuliko ya mito yenye mimea. Mto unaosogea kwa kasi hivyo hukata na kuyafuta mashapo yake wenyewe, yaani mchanga na tope uliouacha, ukabakiza shuka pana za mchanga, na shuka hizo zikigeuka mwamba ni vigumu kuzitofautisha na mashapo ya mto wa mikondo mingi. Hivyo baadhi ya miamba ya kale iliyosomwa kuwa kazi ya mito ya mikondo mingi huenda iliachwa na mito iliyopinda.