Je, wajua kwa nini timu inayofungwa kwenye mechi za maandalizi inaweza kubeba ubingwa?

Julai 28, 2019, Liverpool walichapwa 3-0 na Napoli kwenye uwanja wa Murrayfield, Edinburgh. Kabla ya hapo walikuwa wamefungwa 3-2 na Borussia Dortmund, wakafungwa 2-1 na Sevilla, wakatoka sare ya 2-2 na Sporting ya Lisbon. Mechi nne mfululizo bila ushindi, na ligi inaanza baada ya siku 12. Shabiki aliyekuwa akiipima timu kwa matokeo alikuwa na kila sababu ya kushika kichwa. Timu hiyo hiyo ikashinda mechi 26 kati ya 27 za kwanza za Ligi Kuu ya Uingereza, ikatoka sare moja tu, na mwisho wa msimu ikatwaa ubingwa kwa pointi 99.

Miaka mitano kabla ya hapo ilikuwa kinyume chake. Manchester United chini ya kocha mpya Louis van Gaal iliifunga LA Galaxy 7-0, ikaifunga Real Madrid 3-1 mbele ya watazamaji 109,318 huko Michigan, kisha ikaifunga Liverpool 3-1 na kubeba kombe la mashindano ya kirafiki ya Marekani. Agosti 16, 2014, ligi ikafunguliwa, na Swansea wakaja Old Trafford wakaondoka na ushindi wa 2-1.

Matokeo ya mechi hizo yalikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba katika mechi ya maandalizi kila timu inakuwa na shughuli yake, na kushinda mara nyingi siyo shughuli ya kwanza.

Anza na miguu. Maandalizi ya msimu huchukua wiki tano hadi sita, na katika wiki mbili za mwanzo wachezaji hufanya mazoezi mara mbili kwa siku. Kocha hawapumzishi kabla ya mechi ya kirafiki kama anavyofanya kwenye ligi, kwa sababu mechi yenyewe ni sehemu ya mzigo wa wiki. Mchezaji anaweza kukimbia mbio za kasi asubuhi na jioni akaingia uwanjani. Mguu uliochoka unachelewa nusu hatua. Beki anafika kwenye mpira mshambuliaji akishapiga, na pasi ya mita 30 inaishia kwenye mita 27. Ukiona timu nzima inafika kwenye mipira kwa kuchelewa namna hiyo katika wiki ya pili, umeona uchovu. Uwezo bado hujauona.

Dakika nazo hupangwa. Mwanzoni mchezaji hupewa dakika 45, baadaye 60, halafu 75, na 90 kamili huja kwenye mechi moja au mbili za mwisho. Ndiyo maana utaona kikosi kizima kikibadilishwa wakati wa mapumziko. Sheria ya 3 ya mpira inaruhusu hilo: kwenye mechi za kirafiki za klabu, timu zikikubaliana idadi ya kubadilisha wachezaji na mwamuzi akaarifiwa, hazibanwi na wale watano wa mechi za mashindano. Kwa hiyo matokeo ya 3-0 yanaweza kuwa 0-0 ya kikosi cha kwanza na 3-0 ya vijana wa akademia waliokutana na nyota watano wa mpinzani waliokuwa wamebakizwa benchi.

Kuna pia suala la nani hayupo. Liverpool ya Julai 2019 haikuwa na Sadio Mané, aliyecheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo tarehe 19 mwezi huo. Mohamed Salah alikuwa mapumzikoni baada ya mashindano hayo hayo, na Alisson na Roberto Firmino walikuwa wametoka kutwaa Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, wakiwa na Brazil. Safu nzima ya ushambuliaji na kipa namba moja! Siku tatu baada ya Napoli, Alisson na Firmino wakiwa wamerudi, Liverpool iliifunga Lyon 3-1. Na mpinzani je, yuko wiki ya ngapi? Timu kutoka Norway, Sweden au Marekani huwa katikati ya msimu wake mwezi Julai, pumzi imejaa. Kuifunga ni kazi, na kufungwa nayo hakukuambii mengi.

Basi shabiki atazame nini? Kabla ya chochote, chukua karatasi uandike nani ameanza, ametoka dakika ya ngapi, na alikuwa pamoja na nani. Jambo hili linaonekana dogo, lakini bila hilo tathmini yote inayumba. Mabeki wawili wa kati waliocheza pamoja dakika 60 katika mechi tatu mfululizo ndio kocha anaowajenga, hata kama msemaji wa klabu anasema nafasi ziko wazi. Vivyo hivyo beki wa kulia na winga aliye mbele yake, na kiungo mkabaji na yule anayecheza pembeni yake. Kocha anayetafuta namba hubadilisha majozi, aliyekwisha kupata huyarudia.

Dakika 30 za kwanza zina uzito kuliko zote, kwa kuwa pande zote mbili bado zina watu wao. Baada ya dakika ya 60 mechi huvunjika vipande. Bao la kijana wa miaka 18 dakika ya 78 ni zuri kwake, lakini jiulize alimfunga nani, akiwa na nani, na nafasi ilikuwa imefunguliwa kiasi gani. Kwa wastani, takriban shuti moja kati ya kumi ndilo huzaa bao. Mshambuliaji aliyecheza dakika 45 akapiga mashuti matatu anaweza kufunga au kukosa bila hilo kusema lolote kuhusu msimu wake. Hesabu badala yake amefika mara ngapi mahali pa kupigia.

Halafu toa macho kwenye mpira. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalolipa. Mfuate kiungo mkabaji mpya kwa dakika kumi tu. Beki wa kati ana mpira, yeye yuko mita 12 mbele, mpinzani yuko nyuma ya bega lake la kushoto. Mchezaji anayejua kazi anageuza shingo mara mbili kabla pasi haijatoka: mara ya kwanza beki anapopokea, mara ya pili beki anapoinua mguu. Amesimama upande, kifua kikielekea katikati ya lango lake na mstari wa pembeni. Mpira ukifika anauacha uvuke mbele ya mwili, anaugusa kwa mguu wa mbali, na kwa mguso huo mmoja amekwisha kumwacha mpinzani na anaiona nusu nzima ya mbele. Asiyejua kazi anamkabili beki moja kwa moja, hajui kilichoko nyuma, na pasi yake ya pekee ni kumrudishia yule yule aliyempa. Takwimu zitamwandikia pasi 40 kati ya 42, na kila mtu atasema hakupoteza mpira. Lakini timu haikusogea hata hatua. Uchovu hauwezi kuficha tabia hii, na ndiyo maana inafaa kuitazama Julai.

Jambo la pili lisilodanganya sana ni umbali kati ya mistari. Timu inapoupoteza mpira, tazama kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mbele. Ikiwa imekaa vizuri, wote wako ndani ya mita 30 hivi. Ikifika 45 au 50, kuna shimo mbele ya mabeki, na kiungo mmoja analazimika kulifunika peke yake. Hapa inabidi utofautishe mambo mawili. Kama washambuliaji wanakimbia kukabia juu na mabeki hawapandi, tatizo ni la maelewano, au mabeki wanaogopa kasi ya mpinzani. Kama wote wanapanda katika dakika 20 za kwanza kisha wanaachana kuanzia dakika ya 35, hizo ni pumzi, na wiki tatu zitarekebisha.

Mabao ya kona na faulo yasikutie presha mapema. Makocha wengi huacha mazoezi ya mipira iliyokufa hadi wiki za mwisho, na mpangilio wa nani amkabe nani hauwezi kukaa wakati watu kumi wanabadilishwa kwa mkupuo.

Ukishamaliza mechi, kaa uhesabu kikosi, na hapa ndipo mashabiki wengi hukosea. Kanuni ya kawaida ni watu wawili kwa kila namba: kumi mara mbili ni 20, ongeza makipa watatu, unapata 23. Ligi Kuu ya Uingereza inaruhusu orodha ya wachezaji 25, wasiozidi 17 kati yao wakiwa hawajalelewa kwenye klabu za huko, na vijana walio chini ya miaka 21 hawahesabiwi kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo klabu yenye wachezaji 20 wasiolelewa huko, waliovuka umri huo, haina utajiri wa kikosi. Ina watu watatu ambao lazima iwauze, iwatoe kwa mkopo, au iwaache nje ya orodha.

Kosa kubwa ni kumhesabu mchezaji kiraka mara mbili. Fulani anacheza beki wa kulia na kiungo, basi tunasema namba zote mbili zina mbadala. Siku beki wa kulia anaumia na kiungo ana kadi, kiraka huyo ni mmoja tu. Njia salama ni kuandika jina la kila mchezaji mara moja tu, kwenye namba anayoiweza kuliko zote, kisha utazame mapengo. Baada ya hapo ondoa majina mawili muhimu, mfano kiungo mkabaji na beki wa kati wa kushoto, uone ni wangapi wanahama namba zao ili kuziba. Akihama mmoja, kikosi kiko sawa. Wakihama watatu, dirisha la usajili halijamaliza kazi yake. Angalia pia miguu: beki wa kati wa kushoto anayetumia mguu wa kulia atafungua mwili kuelekea ndani kila mara, na mpinzani makini atamziba upande huo tu.

Kuna mara mechi ya kirafiki husema kweli waziwazi. Agosti 6, 2003, Sporting waliifunga Manchester United 3-1 wakizindua uwanja wao mpya, na Cristiano Ronaldo, akiwa na miaka 18, akawasumbua mabeki waliozoea ligi kwa kuwapita tena na tena. Siku chache baadaye alikuwa mchezaji wa United. Lakini tazama kilichoonekana: alikuwa akipita watu wa kikosi cha kwanza, mmoja dhidi ya mmoja, mara nyingi ndani ya mechi moja. Na United walikuwa wakimfahamu tayari, mechi ile ilithibitisha walichokuwa wakikifuatilia.

Dalili za kuogopesha kweli ni zile zinazojirudia. Kosa moja, watu wale wale, mechi tatu. Misuli ya nyuma ya paja ikikatika kwa wachezaji watatu au wanne ndani ya wiki mbili, mzigo umepandishwa haraka mno, na majeraha hayo huchukua wiki kadhaa kupona na hurudi kwa urahisi. Winga anayechezeshwa beki wa kushoto wiki ya kwanza ni jaribio. Akianza hapo kwenye mechi ya mwisho ya maandalizi, wiki moja kabla ya ligi, huyo ndiye beki wa kushoto wa timu mpaka klabu isajili mwingine. Mechi hiyo ya mwisho, yenye dakika 90 za watu wale wale na mazoezi yaliyopunguzwa, ndiyo ya kuitazama mwanzo hadi mwisho ukiwa na karatasi yako, na siyo kwa vipande vya mabao, maana vipande hivyo hukata kila kitu kilichotokea kabla ya mpira kufika kwa mfungaji.