Mbona PD-1 imekaa juu kwenye jeli?

Mwanafunzi alinijia na picha ya jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa, uso umemshuka. Alikuwa amepitisha sehemu ya nje ya PD-1, kipokezi cha seli za kinga za binadamu, iliyotengenezwa kwa kupandikiza jeni katika HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara. Kwa hesabu ya asidi amino alitarajia mstari kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 17 hivi. Badala yake ulisimama kati ya 30 na 40, mpana, kingo zimefifia. "Mwalimu, tumeletewa kitu kingine?"

Tulichemsha kiasi kidogo ili protini ikunjuke, tukaongeza kimeng'enya cha PNGase F kinachokata sukari, tukapitisha upya. Mstari ukashuka hadi karibu na pale alipoutarajia, mwembamba. Ile ziada yote ilikuwa sukari. Kipokezi hiki kina sehemu nne ambapo seli ya binadamu hutundika minyororo ya sukari, na kwa kuwa minyororo haitoshani, mstari hutanuka.

PD-1 hukaa juu ya seli T, askari wa kinga ya mwili. PD-L1, protini mwenzake, ikiishika, seli hupunguza mashambulizi, na uvimbe wa saratani hutumia mwanya huo kujikinga. Iligunduliwa 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo, Kyoto, ambaye mwaka 2018 alitunukiwa Nobeli pamoja na James Allison. Kipokezi kizima kina asidi amino 288, lakini kwa vipimo vya kushikana tunatumia sehemu ya nje tu. Kipande kinachopita kwenye utando wa seli hakipendi maji, kingeishia kuganda mabonge.

Sukari hiyo si pambo. Kingamwili ya camrelizumab, ambayo ni dawa ya saratani, kwa mfano, huitegemea sukari iliyo kwenye asparajini ya 58 ili kushika vizuri. Ukiijaribu kwa PD-1 iliyotengenezwa katika bakteria, ambayo haina sukari kabisa, utailaumu dawa bure.

Linalonisumbua zaidi ni mkia, yaani kipande kinachoongezwa kwenye protini maabara. PD-1 yenye mkia wa Fc, ambao ni kipande cha kingamwili, hujifunga mbili mbili. Zikiwa moja na moja, PD-1 na PD-L1 hushikana kwa unyonge, takriban mikromola 8 (namba ikiwa kubwa, mshikano ni dhaifu). Lakini zikiwa pacha, mkono mmoja ukiachia, wa pili bado umeshika, na mashine ya kupima mshikano inakuonyesha nguvu kubwa mno. Kwa kuchuja kingamwili zinazozuia mshikano huo, pacha hizo zinafaa sana. Kwa kuandika nguvu halisi ya mshikano, tumia yenye mkia mfupi wa histidini (asidi amino chache tu, isiyojifunga mbili mbili), na utaje mkia huo kwenye ripoti. Nimesoma ripoti nyingi zisizoutaja, na namba zake sikuweza kuzilinganisha na chochote.

Mwanafunzi wangu alizungusha kichupa kwenye sentrifyuji kabla ya kukifungua tena, maana tone likibaki kwenye kifuniko limepotea. Kisha akagawa protini iliyobaki katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, akaviweka kwenye nyuzi -80, na juu ya kila kimoja akaandika: histidini, HEK293, ina sukari.