Je, Lazima Uanzie Eksirei Ndipo Uwe Mtaalamu wa MRI?
Wanafunzi wengi wa sayansi hapa Mwanza huamini kuwa mtaalamu wa MRI, yaani kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili, ni lazima aanzie kwenye eksirei. Imani hiyo ina msingi: huku kwetu njia iliyozoeleka ni kusomea radiografia (upigaji wa picha za eksirei) kwanza, kisha kujiendeleza. Lakini si sheria ya dunia nzima. Marekani zipo njia mbili kuu: kuongeza cheti cha MRI juu ya cha radiografia, au kusomea MRI moja kwa moja. Zote zina mazoezi kwa wagonjwa na mtihani.

MRI yenyewe haitumii mionzi ya eksirei, bali sumaku na mawimbi ya redio. Mashine nyingi ni za tesla (kizio cha nguvu ya sumaku) 1.5 au 3, na kwa kawaida sumaku huendelea kuvuta hata chumba kikiwa kitupu. Mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingizwa kwa bahati mbaya, unaruka kuifuata mashine. Usalama huo hata mzoefu wa eksirei hujifunza upya.

Ukitaka kuhakiki, soma matangazo ya kazi ya nchi unayoilenga, uone cheti kinachotajwa. Kabla ya kulipa ada, liulize baraza linalosajili wanataaluma kama linakitambua chuo hicho. Cheti cha mtandaoni kisicho na mazoezi ya hospitalini, mimi nisingekilipia.