Samahani, nimekufananisha

Nani hajawahi kumshika mtu bega pale stendi, akageuka, kumbe siye? "Samahani, nimekufananisha." Mnacheka kidogo, kila mtu anashika njia yake. Kosa hili Kiswahili kimelipatia neno lake kabisa, tena neno lisilo na aibu. Lakini kwa miaka yote niliyotetea washtakiwa wa jinai sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwa shahidi. Akishapanda kizimbani, mtu hafananishi tena. Anatambua.

Nitawaeleza kesi moja, nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtaja mtu. Ilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, katika mji mmoja wa barabarani, ile miji ambayo malori hulala. Kosa hilo kwetu Tanzania halina dhamana, na ukitiwa hatiani hakimu hana pa kukuhurumia: kifungo kisichopungua miaka 30. Mama mmoja mwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu alivamiwa jioni, giza likiingia. Walikuja wawili kwa bodaboda, mmoja akabaki juu ya pikipiki, mwingine akaingia na panga. Mwanga ulikuwa wa taa ndogo ya sola iliyoning'inia mlangoni, nyuma ya mgongo wa mvamizi. Yote yalikwisha kabla maji ya uji aliyobandika hayajachemka. Hayo ni maneno yake mwenyewe.

Polisi walipomuuliza alikuwaje, aliandikisha hivi: mrefu, mwembamba, maji ya kunde, "sura ya Kisomali". Basi. Hakuna mwanya, hakuna kovu, hakuna sikio lililochanika wala sauti ya kukwaruza. Siku ya nne wakakamata utingo mmoja wa lori aliyekuwa anasubiri gari litengenezwe. Kijana mrefu, mwembamba, pua imechongoka, nywele za singa. Msomali? Hapana, Mwiraqw wa Mbulu, hapahapa Tanzania, ambaye hata Nairobi hajafika.

Nasimama hapo kidogo, maana kiini cha makala yangu kiko hapo. Sisi tunapomweleza mtu tusiyemjua huwa hatuelezi uso. Tunataja kundi. "Kama Mmang'ati." "Mwarabu Mwarabu hivi." "Mchina mmoja." Anayesikiliza anaridhika, askari anaandika, na sote tunadhani tumetoa maelezo, kumbe tumetoa jina la kapu. Kapu likishatajwa, yeyote aliyemo anatosha.

Gwaride la utambuzi likapangwa, shahidi apite mbele ya mstari wa watu amwonyeshe aliyemwona. Kanuni zake si za juzi: Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizitaja mwaka 1936 katika kesi ya Mwango Manaa, na mpaka leo ndizo tunazozishikia bango. Mtuhumiwa awekwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye, kadiri inavyowezekana, kwa umri, kimo, umbo na hali ya maisha. Hali ya maisha! Majaji wa enzi za ukoloni, na mabaya yao yote, walijua kwamba ukimweka mtu mwenye kandambili zilizokatika kati ya makarani wanane waliopiga pasi, hujapanga gwaride, umemnyooshea kidole. Mtuhumiwa achague pa kusimama. Anayepeleleza kesi asiwe ndiye anayesimamia gwaride. Shahidi aambiwe kwamba huenda mhalifu yumo, huenda hayumo.

Huyu wangu walimtafutia wanane kwa haraka, kutoka kijiwe cha bodaboda na sokoni. Vijana wazuri tu, wenyeji wa pale, kimo kizuri, umri unalingana. Kwenye fomu hakuna kilichokosekana. Mama akaingia, akaenda moja kwa moja, akamgusa kijana bega. Msimamizi akaandika kwamba shahidi amemtambua "bila kusita", na mwendesha mashtaka akaja kulisoma hilo mahakamani kama aya ya kitabu kitakatifu.

Zamu yangu ya kuhoji ilipofika sikumgombeza. Shahidi mwongo ana mshono, ukiutafuta utaupata. Mkweli hana, na huyu mama alikuwa mkweli mtupu. Nilimuuliza:

"Mama, kwenye lile gwaride walikuwa watu wangapi?"

"Tisa."

"Wasomali walikuwa wangapi?"

"Ni huyu tu."

"Na wale wanane?"

"Wale walikuwa watu wa kawaida."

Mheshimiwa hakimu aliacha kuandika. Nilikuwa na maswali mengine kumi na mawili kwenye karatasi, nikaikunja, nikakaa.

Wenzangu wengi wanadhani hapo nilishinda kwa kuonyesha ubaguzi wa shahidi. Silioni hivyo. Yule mama hakuwa na chuki na mtu; wateja wake nusu ni madereva wa kila kabila na kila taifa, na anawakopesha. Kilichomponza kinafahamika vizuri kwa wanasaikolojia, na wanakipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: jicho la binadamu linajifunza nyuso linazokua nazo. Za wengine linazipanga kwa rangi na umbo la jumla, halihangaiki na undani. Mwaka 2001 Christian Meissner na John Brigham walikusanya tafiti 39 zenye washiriki karibu 5,000, wakakuta kwamba tukionyeshwa sura ya mtu wa asili nyingine ambaye hatujawahi kumwona, uwezekano wa kusema "huyu nilimwona" ni zaidi ya mara moja na nusu ukilinganisha na sura ya mtu wa kwetu. Na kikubwa zaidi: mtu anavyowapenda au anavyowachukia watu wa asili nyingine hakukueleza kosa hilo moja kwa moja. Mwenye roho safi naye anafananisha.

Mimi mwenyewe ushahidi ninao. Ofisi yangu ya zamani ilikuwa Kariakoo, na ghorofa ya chini kulikuwa na Wachina wawili waliouza vifaa vya umeme. Nilisalimiana nao kwa mwaka mzima nikimwita mmoja kwa jina la mwenzake, nao wananiitikia kwa adabu. Karani wangu, ambaye alishinda dukani kwao akifuatilia makaratasi ya bandarini, alinicheka: "Bosi, hawa hawafanani hata kidogo, huyu ana uso wa duara, yule masikio yamesimama." Nikatazama. Kweli, masikio yamesimama! Nilipomwomba radhi mwenye uso wa duara, alicheka kuliko karani. Alisema mwezi wake wa kwanza Dar alimlipa kuli mmoja mara mbili na mwingine akaondoka analia mikono mitupu, kwa sababu wote walikuwa weusi, wamevaa jezi za mpira, na yeye hakuona kingine.

Kwa hiyo siyo damu, ni mazoea. Utafiti ninaoupenda zaidi kuliko yote ni wa Ufaransa, ulitoka mwaka 2005. Walichukua watu wazima waliozaliwa Korea, wakachukuliwa na familia za Kizungu wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 9, wakakulia Ufaransa. Walipopimwa walizitambua nyuso za Kizungu vizuri kuliko za Kiasia, sawasawa na Wafaransa wenyewe. Yaani macho yao yalihama nao.

Mazoea hayo yakiingia mahakamani yanafunga watu. Huko Marekani, jimbo la New Jersey, msichana mwanafunzi, Mzungu, alibakwa mwaka 1992. Akaonyeshwa picha nyingi sana za watuhumiwa. Ya McKinley Cromedy, mtu mweusi, ilikuwamo, na hakuichagua. Karibu miezi minane baadaye akaona mtu anavuka barabara, mwili ukamsisimka, akapiga simu polisi: ni yeye. Alikuwa Cromedy. Hakikuwapo kingine cha kumfunga ila macho yale, na akafungwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya jimbo ikabatilisha hukumu, ikisema baraza la raia wanaoamua hatia lilipaswa kutahadharishwa kuhusu ugumu wa kumtambua mtu wa rangi nyingine. Kabla mwaka huo haujaisha, vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba hakuwa yeye kabisa. Msichana hakusema uongo hata neno moja.

Kwetu tuna kinga nzuri, kwenye karatasi. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani, ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho ni wa aina dhaifu kabisa na usioaminika, kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataja mambo ya kuulizwa: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulikuwaje, ni mchana au usiku, aliwahi kumwona kabla? Wakili yeyote wa jinai nchini anaikariri kesi hiyo kama sala. Ila ukiitazama vizuri, maswali yake mengi yanahusu mazingira: taa, mita, dakika. Halimo swali la mimi ninayetazama nimezoea nyuso za namna gani. Ningekuwa na uwezo ningeongeza hilo moja tu.

Tena jambo hili halipungui kwa kuleta mashine, ingawa kila kongamano ninalohudhuria siku hizi lazima atokee kijana mwenye kompyuta mpakato wa kutuambia kamera haina kabila. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu za kutambua nyuso. Kwa picha nzuri za maombi ya uhamiaji, waliofananishwa kimakosa zaidi walikuwa watu wa Afrika Magharibi, Asia ya Mashariki, na sisi wa Afrika Mashariki. Waliofananishwa kidogo kabisa ni wa Ulaya ya Mashariki. Programu kadhaa zilizotengenezwa China, kwa upande wake, hazikuwa na tatizo hilo kwa nyuso za Kiasia. Mashine nayo ina pale ilipokulia.

Kuna upande ambao chuki inaingia kweli, sitaki kuonekana ninaisafisha. Inaingia kabla ya gwaride, pale anapochaguliwa nani akamatwe. Aprili 2014 Kenya ilipoendesha operesheni ya Usalama Watch mtaani Eastleigh, Nairobi, wanakoishi Wasomali wengi, maelfu walizolewa, wengine wakashikiliwa uwanja wa Kasarani, na miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya wenye vitambulisho mfukoni. Kilichotangulia kuwashuhudia ni pua na nywele. Utingo wangu naye alikamatwa hivyohivyo: kati ya vijana wote waliolala kwenye malori usiku ule, wangapi walikuwa warefu na wembamba? Ila askari alikuwa anatafuta "Msomali".

Aliachiwa huru baada ya miezi 14 mahabusu. Lori liliondoka zamani, kazi ikaenda kwa mwingine. Siku ya hukumu ndugu zake watatu walikuja kutoka Mbulu, wamekaa benchi la nyuma, wamevaa nguo za kwendea kanisani.

Tulipotoka nje, yule mama alikuwa bado yupo chini ya mwarobaini wa mahakama, anasubiri bajaji. Nilimsalimia, "Shikamoo mama." Aliitikia, "Marahaba," bila kinyongo. Nilitaka kupita, akanivuta mkono wa koti.

"Wakili, naomba nikuulize kitu, usinicheke. Yule pale, mwenye koti la bluu, ni nani?"

"Ni kaka yake mkubwa. Amefika jana usiku."

Alimtazama kwa muda mrefu, mkono bado umeshika koti langu.

"Sasa mbona na yeye ndiye?"