Rula Iliyovunjika: Namna Ninavyofundisha Vipimo Darasa la Tatu na la Nne

Katika mkoba wangu wa kazi ninatunza kipande cha rula ya plastiki kinachoanzia kwenye 4 na kuishia kwenye 19. Kilivunjika mikononi mwa mwanafunzi miaka mingi iliyopita, na hadi leo sijapata kifaa kinachokizidi kwa kuonyesha mtoto ameelewa nini kuhusu vipimo. Kila ninapopokea darasa jipya, hulaza penseli kando ya kipande hicho, kitako chake kikiwa kwenye 4 na ncha yake kwenye 12, kisha huwaita watoto mezani mmoja mmoja, watano au sita kwa siku, wakati wenzao wanaandika zoezi. Swali ni moja tu: penseli hii ina urefu wa sentimita ngapi?

Majibu huwa matatu. Wengi husema 12, kwa sababu ndiyo namba wanayoiona mwishoni. Wapo wanaosema 9, na hao huhesabu kwa kidole: nne, tano, sita, hadi kumi na mbili, wakigusa kila mstari. Wachache husema 8. Mwalimu aliye na haraka ataweka mkasi kwa wote waliokosa na kuendelea na somo, lakini makosa hayo mawili si ndugu. Aliyesema 12 hapimi kabisa. Anasoma namba iliyo karibu na ncha, kama mtu anavyosoma namba ya nyumba. Aliyesema 9 ameshajua kwamba kupima ni kuhesabu kitu fulani, ila hajajua ni kitu gani, kwa hiyo anahesabu mistari badala ya nafasi zilizo kati ya mstari na mstari. Huyu wa pili yuko karibu sana na ukweli, na namna ya kumsaidia si ile ya kumsaidia wa kwanza.

Niseme wazi kwamba miaka yangu ya mwanzo sikulijua hili. Nilianza mada ya vipimo kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe, yaani kwa jedwali ubaoni: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Watoto waliliimba vizuri, wakajua kuzidisha kwa 10 wanapoteremka na kugawanya kwa 10 wanapopanda, na madaftari yakajaa alama za vema. Kisha siku moja nikawataka waandike urefu wa daftari lao, na msichana aliyekuwa akiongoza darasa katika kugeuza vizio akaandika mita 20. Hakushtuka hata kidogo. Daftari la mita 20 lingetoka nje ya darasa, likavuka ua na kufika karibu na jiko la shule, lakini kwake mita na sentimita zilikuwa maneno ya kwenye jedwali, hazikuwa na ukubwa wowote machoni pake. Kosa lilikuwa langu.

Siku hizi wiki ya kwanza nzima haina rula. Ninaanza na njiti za kiberiti, kwa kuwa ni za bei nafuu, zinatosha darasa la watoto 70, na zote zina urefu unaolingana. Watoto hukaa wawili wawili na kila jozi hupima upande mrefu wa dawati. Mwaka jana nilisimama nyuma ya wavulana wawili wa dawati moja: mmoja alipata 19, mwenziwe 25, na ubishi ukaanza pale pale. “Wewe umeruka,” alisema wa pili, akionyesha mapengo kati ya njiti za mwenzake. “Na wewe umezipandisha,” akajibiwa, na ni kweli njiti zake zilikuwa zimelaliana kama vigae vya paa. Sikuingilia. Walizipanga upya ncha kwa ncha, wakapata 22 wote wawili, na kanuni mbili kubwa za somo hili, kwamba vizio havipaswi kuachiana nafasi wala kupandiana, zikawa zimesemwa na watoto wenyewe kabla sijafungua kinywa.

Hatua inayofuata ni kuwanyang'anya njiti zote na kuwaachia moja. Sasa mtoto hana budi kuiweka, kukumbuka ilipoishia, kuisogeza na kuhesabu. Hapa naomba mwalimu mwenzangu aangalie vidole. Mtoto huweka kidole penye ncha ya njiti ili asipoteze mahali, kisha huanza njiti inayofuata upande wa pili wa kidole, na hivyo kila mara unene wa kidole unabaki bila kupimwa. Dawati la njiti 22 linageuka kuwa la 18 au 17. Ukisahihisha daftari tu hutajua kosa limetoka wapi. Ukichuchumaa kando ya dawati utaliona kwa nusu dakika, na dawa yake ni kumpa chaki achore kijistari chembamba badala ya kutumia kidole.

Kutoka hapo huingia kwenye vipimo vya mwili, ambavyo lugha yetu imevitunza vizuri: shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho vikiwa vimetanuliwa, dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ambayo huhesabiwa kuwa shibiri mbili, na pima, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, ambayo ni dhiraa nne. Watoto wa pwani mara nyingi wameshamsikia mvuvi akitaja pima anapozungumzia kina cha maji. Tunapima meza yangu kwa shibiri, mimi napata 6, mtoto anapata 9, nami nauliza: nani ana shibiri kubwa? Darasa karibu zima hujibu kwamba ni mtoto, kwa sababu 9 ni kubwa kuliko 6. Ukimya unaofuata, wakati wanapotazama kiganja changu na cha mwenzao, ni wa thamani sana, na nakushauri usiuvunje. Kwamba kizio kikiwa kidogo idadi huwa kubwa ndiko kugeuza mita kuwa sentimita kulikojificha, na mtoto aliyeliona kwa viganja hataniuliza tena kama anapaswa kuzidisha au kugawanya.

Baada ya hapo ndipo tunatengeneza rula, badala ya kununua. Kila mtoto hupata ukanda wa karatasi ngumu na vipande vya rangi mbili nilivyovikata kwa upana wa sentimita 1 kila kimoja, chekundu na cha njano, na huvibandika kimoja baada ya kingine bila pengo. Kwanza tunapima kwa kuhesabu vipande. Wakichoka kuhesabu, na huchoka haraka, nawaruhusu waandike namba, na hapo huzuka swali la mahali pa kuiandika 1: mwanzoni mwa kipande cha kwanza, katikati yake, au mwishoni? Wakikubaliana kwamba 1 husimama pale sentimita moja inapokamilika, huuliza wenyewe mwanzoni paandikwe nini. Sifuri huingia darasani ikiwa jibu la swali lao.

Rula za dukani nazo zina vituko vyake, na haifai kuwalaumu watoto kwa vituko hivyo. Nyingi za plastiki huacha milimita kadhaa kabla ya sifuri, ilhali baadhi ya zile za mbao huanza kuhesabu ukingoni kabisa, kwa hiyo mtoto aliyezoea moja hukosea akiazima nyingine. Nyingine zina inchi upande wa pili, na mtoto akiigeuza rula bila kuangalia, mstari wa sentimita 15 unakuwa karibu 6. Tena kuna neno futi, ambalo kwetu ni kizio cha inchi 12 na pia ni jina la ule utepe wa fundi cherehani, wenye sentimita 150. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kwa heshima zote futi moja ina futi ngapi, na swali lake lilikuwa la haki.

Kabla ya kupima chochote, sharti wakisie. Ninataka kila mtoto awe na vitu vichache vya kukumbukia kichwani: upana wa kidole chake kidogo, ambao kwa umri huo ni karibu sentimita 1, kimo cha mlango wa darasa, karibu mita 2, na umbali wa kilomita 1, ambao tunautembea pamoja kwa miguu asubuhi moja kwa kuzunguka kiwanja. Aliyeitembea kilomita haandiki kwamba penseli ina kilomita 8.

Kuhusu uzani na ujazo nitasema machache, kwa kuwa njia ni ile ile ila kizio ndicho kinachobadilika. Mizani tunaitengeneza kwa henga ya nguo, kamba na vifuniko viwili vya ndoo, na chupa ya lita 1 iliyojaa maji inatupatia jiwe la takriban kilo 1. Tatizo kubwa la watoto wetu hapa ni debe na sado, lile kopo dogo la kupimia sokoni, kwa sababu sokoni wanasikia debe la mahindi likitajwa kana kwamba ni uzito. Debe la lita 20 likijaa maji lina karibu kilo 20. Likijaa mahindi makavu hadi ukingoni, ni pungufu. Likijaa pumba, mtoto wa Darasa la Tatu analinyanyua peke yake. Nikishawaachia walinyanyue la pumba na kushindwa la maji, sihitaji maelezo marefu ya tofauti kati ya ujazo na uzito. Wakubwa kidogo huelewa pia kwa nini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inapigwa marufuku: gunia linaweza kuongezwa kilemba, lakini kilo haiongezwi.

Mzingo na eneo huchanganywa hata na watu wazima, kwa sababu tunavifundisha wiki moja kama kanuni mbili zinazofanana. Mimi huchukua kamba ya mita 20 na kuwaomba watoto wajenge “banda la kuku” uwanjani. Mita 9 kwa 1, mita 6 kwa 4, mita 5 kwa 5: kamba ni ile ile, lakini banda la kwanza lina mita za mraba 9, la pili 24 na la tatu 25. Wakiingia ndani wenyewe wakiwa kuku, banda la kwanza hulalamikiwa mara moja.

Muda ndio mgumu kuliko vyote, na kwetu una mzigo wa ziada, kwa sababu mshale mfupi ukiwa kwenye 9 mtoto hutakiwa kusema saa tatu katika Kiswahili na saa tisa katika kipindi cha Kiingereza. Huo wanauzoea. Kinachowaangusha ni hesabu ya muda uliopita. Ukiuliza ni muda gani kutoka saa 3:40 hadi saa 5:15, utapata saa 1 na dakika 75 kutoka kwa watoto wenye akili sana, kwa kuwa wametoa 340 kutoka 515 kwa usahihi kabisa, wakikopa 100 mahali ambapo saa hutoa 60. Ninawachorea mstari mrefu sakafuni kwa chaki, wenye saa na dakika zake, na mtoto anatembea juu yake: dakika 20 hadi saa 4:00, saa nzima hadi 5:00, dakika 15 tena. Jumla ni saa 1 na dakika 35. Halafu nauliza mstari huu umefanana na kitu gani tulichokitumia mwanzoni mwa muhula. Safari iliyoanzia 3:40 haikuanzia sifuri, sawa na penseli iliyoanzia kwenye 4. Mwaka huu wa kwanza kuliona hilo alikuwa mmoja wa wale waliosema 9.