Je, wajua? Rimu ya STI ya 2003 haiingii kwenye STI ya 2005

Rafiki yangu ana Subaru Impreza STI ya 2005, ile Impreza ya spoti. Juzi aliingia shimo, rimu moja ikapasuka. Akapata seti nzima kwa kijana wa Changamwe, hapa Mombasa, zimetoka kwenye STI ya 2003, bei nzuri, rangi ile ile ya dhahabu. Tukapiga jeki, akaisogeza rimu kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa. Bolti ya kwanza ikaingia, ya pili ikagoma. Ukiipatanisha ya pili, ya kwanza inatoka.

Tukaenda kwa mzee mmoja anayeuza spea karibu na Mwembe Tayari. Hakuuliza mwaka wala rangi.

"Gari lako herufi gani, mwanangu?"

"Herufi vipi tena, ami? Ni STI."

"STI ziko nyingi."

Alikuwa na haki. Mpaka mwaka 2004, bolti tano za STI zilipangwa kwenye duara la milimita 100. Kuanzia toleo lililotoka katikati ya mwaka huo, duara likawa la milimita 114.3. Yaani kila bolti ilisogea nje kama milimita 7, upana wa kidole kidogo hata haufiki, na rimu zote za zamani zikawa hazifai tena. Jina mgongoni mwa buti halikubadilika. Na nikisema hivi namaanisha STI peke yake, kwa sababu WRX ya kawaida, Impreza iliyo chini yake, ilibaki na milimita 100 zake.

Kwa nini kiwanda kibadilishe kitu ambacho tayari kinauzwa? Kwa sababu gari likizinduliwa halijaisha kutengenezwa. Wahandisi hulijaribu sana kabla halijatoka, lakini watu wao ni wachache. Likishauzwa, maelfu ya madereva wanaliendesha kwenye joto, baridi, vumbi na foleni, tena kwa namna ambayo hakuna mhandisi aliyeiwaza. Kinachovunjika ndani ya waranti kinarudi kiwandani na kufunguliwa. Kama kosa ni la bolti au la sili, dawa yake inaingizwa kwenye laini ya uzalishaji kimya kimya. Mabadiliko makubwa hukusanywa na kutolewa pamoja, kila mwaka au kila baada ya miaka michache.

Hapo utaelewa pia kwa nini sura ndiyo hubadilishwa mara nyingi. Milango na paa hukandamizwa kwa kalibu kubwa za chuma, na kutengeneza kalibu mpya ni gharama kubwa mno. Bampa ni plastiki, na taa zinaagizwa kwa wenye kazi hiyo. Impreza ya mwaka 2000 ilikuja na taa za duara, wateja wengi hawakuzipenda. Mwaka 2002 ikapewa uso mwingine, na 2005 mwingine tena. Paa na milango vikabaki vile vile.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Porsche 911. Ilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, injini yake ya lita 2 imekaa nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli. Uzito ukikaa huko, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kutangulia. Kiwanda kililijua hilo. Dawa ya kwanza ilikuwa ya kienyeji: vipande vya chuma, kila kimoja kama kilo 11, vikafichwa kwenye kona za bampa la mbele ili pua ikae chini. Fikiria, gari la spoti lililojengwa liwe jepesi linabebeshwa chuma kisicho na kazi nyingine.

Dawa yenyewe ilikuja kwenye magari ya mwaka 1969. Injini haikuguswa mahali pake, bali mikono inayoshika magurudumu ya nyuma ndiyo iliyorefushwa, na magurudumu yakarudi nyuma milimita 57. Betri moja ikawa mbili, moja kila upande wa mbele, zikafanya kazi ya uzito ambayo zamani ilifanywa na kile chuma. Ukiliona kwa mbali huwezi kulitambua. Dereva ndiye anayelihisi, kwenye kona. Injini nayo ikakua polepole: lita 2.2, halafu 2.4, na 2.7 kwenye magari ya mwaka 1974.

Nissan GT-R R35 ilipita njia hiyo hiyo. Ilianza kuuzwa Japani Desemba 2007 na nguvu ya farasi 480 kutoka kwenye injini ya lita 3.8. Injini ni ile ile, lakini magari ya mwaka 2017 yalitoa 570.

Si kila badiliko ni zuri, na hapa nina msimamo wangu. Porsche za 1974 zilipewa bampa nene kwa sababu ya sheria za usalama za Marekani, na kwa macho yangu gari lilipoteza wembamba wake. Sheria za moshi pia zimebana injini nyingi.

Subaru, kwa upande wake, iliweka historia yote hiyo kwenye kibati kidogo ndani ya chumba cha injini. Baada ya herufi tatu za modeli, kama GDB au GC8, herufi ya nne ndiyo hatua ya mabadiliko ya gari. GC8 ilianza na A mwaka 1992 ikafika G mwaka 1999. GDB, iliyoifuata, ikaanza upya na A. Ndiyo maana muuza spea anayeijua kazi yake ataisoma herufi hiyo kabla ya kuuliza mwaka, kwa kuwa mwaka ulioandikwa kwenye makaratasi ya usajili unaweza kuwa umevuka katikati ya matoleo mawili.

Tulifungua boneti pale pale barabarani. Mzee akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akasoma: GDB, halafu E.

"E ni duara pana," akasema. "Hizo za Changamwe mrudishie mwenyewe, ni za C. Wala usikubali fundi akutanulie matundu, rimu itakuchomokea Nyali Bridge."

Alikuwa na rimu moja ya E nyuma ya duka, ina mikwaruzo ukingoni. Bolti zote tano ziliingia.